Sekunde Tisini za Hewa

Wale wa ofisini kwenye kiwanda cha maziwa waliamini boila ni birika kubwa tu: unawasha, maji yanachemka, mvuke unatoka, basi. Wangekaa chumba cha boila saa moja na yule mzee aliyeitwa Sekunde, wangerudi mezani kwao na adabu. Lakini nani aende? Mle ndani kulikuwa na joto la kumfanya mtu ajute kuvaa shati, na kelele za feni, na harufu ya vyuma. Wao walichojua ni kupiga simu kuuliza mvuke uko wapi.

Jina la Sekunde alipewa na wenzake, na hakulikataa. Mtu yeyote aliyeletwa kwake kujifunza kazi, kabla hajashika bisibisi, alifundishwa kuhesabu. Si kuhesabu kimoyomoyo, la! Kwa sauti, moja mpaka tisini, polepole, mdomo ukionekana unacheza. Wapya walicheka. Yeye hakuwa na shida na kicheko chao. Alikuwa akiwaacha wacheke mpaka wamalize, kisha anawaambia waanze tena kutoka moja, maana kicheko kimewapotezea hesabu.

Alimfundisha hivyo hivyo shemeji yake, mume wa dada yake, siku ya kwanza alipomleta kazini. Shemeji alikuwa fundi baiskeli, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo usiotulia, na dada mtu ndiye aliyemwomba kaka amtafutie kazi yenye mwisho wa mwezi. Sekunde hakuweza kumnyima dada yake kitu. Wazazi wao walikufa dada akiwa na miaka tisa, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa baba, ndiye mama, ndiye aliyemsuka nywele vibaya akaenda shule hivyo hivyo akichekwa. Mke wake mwenyewe aliondoka zamani, hawakupata mtoto. Ukimuuliza ana watu wangapi duniani, alijibu ana wawili na nusu: dada, shemeji, na, miaka ilipopita, yule mtoto wao wa kike aliyekuwa bado anatambaa.

"Wewe huwashi kitu hapa," alimwambia shemeji siku hiyo. "Wewe unabonyeza kitufe. Anayewasha ni huyu."

Akagonga kisanduku cha kijivu kilichofungwa ukutani, chenye kidirisha cha kioo, taa mbili na kitufe. Kisha akamweleza, kitu kimoja baada ya kingine, kama anavyoeleza daktari anayemheshimu mgonjwa. Ukibonyeza, kisanduku hakileti moto. Kwanza kinauliza. Maji yapo ya kutosha? Gesi ina presha inayotakiwa, haikupungua wala haikuzidi? Jibu moja likiwa hapana, hakuna linaloendelea, hata ukipigie magoti. Majibu yote yakiwa ndiyo, feni inaanza. Mdomoni mwa feni kuna bati la mviringo mfano wa sahani, wenyewe waliliita kibao cha hewa. Kibao kinazunguka mpaka kinakuwa wazi kabisa, na kikifika mwisho kinasukuma kimkono cha swichi ndogo. Swichi ile ndiyo inayokiambia kisanduku kwamba njia iko wazi, hewa inapita. Hapo ndipo gurudumu la saa, lile linaloonekana kwenye kidirisha, linaanza safari yake ya sekunde tisini.

Sekunde tisini hizo moto haupo. Feni inasukuma hewa tupu ndani ya tumbo la boila mpaka itokee kwenye bomba la moshi, ifagie gesi yoyote iliyolala mle ndani. Ndiyo sababu ya kuhesabu. Baada ya hapo kibao kinarudi karibu na kufunga, cheche inalia, kimoto kidogo cha kuwashia kinashika, na jicho la kioo lililo pembeni linakitazama. Jicho likikiona, valvu kubwa inafunguka na moto wenyewe unaingia kwa mngurumo. Jicho lisipokiona ndani ya sekunde tano, kila kitu kinajifunga na taa nyekundu inawaka. Boila imegoma. Ikigoma, unatafuta sababu. Hubonyezi tena na tena kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake.

Shemeji akauliza swali la mtu mwerevu. Je, gurudumu lile si linaweza kusukumwa kwa kidole, sekunde tisini zikawa tano?

"Linaweza," Sekunde akasema. "Na siku nikikuona umeligusa, udugu wetu nitauweka nje ya mlango, nitakufukuza kazi mimi mwenyewe."

Maana tabia hiyo ilikuwepo, tusidanganyane. Katika viwanda vingi watu wa boila wakiharakishwa hufungua kidirisha na kulisogeza gurudumu kwa kidole, cheche ilie upesi, mvuke upande, bosi anyamaze. Wengi wao hawapatwi na jambo lolote, na hilo ndilo linalowaharibu. Shemeji hakuligusa. Miaka minne alihesabu kwa sauti, na kwa vile alikuwa na sauti ya kuimba, wale kina mama waosha madebe nje ya dirisha walijua boila inawashwa kabla hawajasikia moto wake. Wakati mwingine walimsaidia kuhesabu kwa kumtania, wakimrukisha kutoka hamsini hadi sabini, naye anarudi kwenye hamsini yake bila kukasirika.

Sasa tuje kwenye waya, maana kila jambo baya la hadithi hii limeanzia kwenye waya wa shaba usiozidi urefu wa kidole.

Kile kimkono cha swichi kilivunjika. Kitu chenyewe kidogo, ukikiangusha sakafuni hukioni tena. Lakini bila kimkono hicho swichi haiguswi, na swichi isipoguswa kisanduku kinadhani kibao hakijafunguka, na gurudumu halianzi safari. Boila imekaa kimya na nje kuna gari limejaa maziwa mabichi na jua linapanda. Sekunde akaandika karatasi ya kuomba swichi mpya. Mtu wa stoo akasema inakuja. Meneja akashuka mwenyewe, kitu ambacho si kawaida yake, akasimama mlangoni na leso puani, akasema maziwa hayajui stoo.

Sekunde akafanya alichowakataza wengine miaka yote. Akafungua kisanduku kidogo cha pembeni, ambacho ufunguo wake alikuwa nao yeye peke yake, akaunganisha ncha mbili za ile swichi kwa waya. Tangu hapo kisanduku cha kijivu kiliambiwa wakati wote kwamba njia iko wazi, iwe wazi, isiwe wazi. Na kibao chenyewe hakikuwa na afya: skrubu inayokibana kwenye mota ndogo ya kukizungusha ilikuwa imelika, mara inashika, mara inateleza, kibao kikabaki kimefungwa huku mota yake inazunguka bure.

Mle ndani walikuwa na sheria yao kwa mambo ya namna hii, haikuandikwa popote. Atakayetia waya atafunga kitambaa chekundu kwenye kipini cha kisanduku, na kitambaa hakitoki mpaka waya utoke. Ukiingia zamu ukakiona, unajua usikiamini kisanduku: unainama mwenyewe nyuma ya feni, unakitazama kibao kwa macho yako, kikibaki kimefungwa unakifungua kwa mkono, ndipo unahesabu. Usipokiona kitambaa, unajua kila kitu kinafanya kazi yake. Sekunde alikifunga kitambaa, mafundo mawili. Wiki mbili nzima yeye na shemeji walipokezana zamu wakiinama nyuma ya feni, na kutoka stoo hakuna kilichokuja ila lile neno lao, inakuja.

Ijumaa moja akaja mkaguzi wa usalama. Kabla hajafika, meneja akapiga simu chumba cha boila.

"Hiyo bendera yako iondoe," akasema. "Anakuja mtu mwenye macho."

Angekataa? Leo ni rahisi kusema angekataa. Siku ile alifikiri dakika ishirini tu, mgeni apite, kisha atakirudisha. Akafungua mafundo mawili, akakitia kitambaa kwenye mfuko wa suruali ya kazi. Waya hakuutoa, maana angeutoa, kisha mkaguzi akataka boila izimwe na kuwashwa tena mbele yake, isingewaka. Mkaguzi alikuja, akatazama vipima presha, akasifu sakafu ilivyo safi, akatia saini. Kisha akataka kuonyeshwa matangi ya maji ya juu ya paa. Sekunde akampeleka, na goti lake bovu likambana kwenye ngazi, wakakawia huko. Aliposhuka, zamu yake ilikuwa imekwisha na shemeji ameshaingia, boila inanguruma vizuri tangu asubuhi, hakuna cha kuwasha. Walipungiana mikono kwa mbali, mmoja akienda kunawa, mwingine akiangalia kipimo cha maji. Kitambaa kilikuwa mfukoni.

Jumamosi zamu ilikuwa yake. Na hapa ndipo mtu mzoefu anapoponzwa na uzoefu wake: mwili wake uliinama nyuma ya feni wenyewe, ukakitazama kibao, ukakisukuma kikafunguka, bila kusubiri kuambiwa na kitambaa. Hakugundua kwamba hakipo kwa sababu yeye hakukihitaji. Kitambaa ni cha kumwambia mwingine, na yeye alijua tayari. Saa sita mchana akaizima boila. Jumapili kiwanda hakipokei maziwa. Jumatatu asubuhi zamu ilikuwa ya shemeji.

Jumatatu hiyo Sekunde alikuwa anaanza kuloweka nguo zake za kazi. Akapekua mifuko kama kawaida, kwanza msumari, kisha kipande cha chaki, kisha kitambaa. Alikishika akakitazama kwa muda ambao yeye mwenyewe, mtu wa kuhesabu, hakuweza kuueleza baadaye. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na boila huwashwa saa moja. Akapiga simu ya shemeji. Ikaita mpaka ikakatika. Simu haziingii chumba cha boila, hiyo nayo ni sheria aliyoitunga yeye. Akapiga ofisini, hakuna aliyefika bado. Akakimbia na goti lake, miguu ina povu la sabuni, na alipokata kona ya mwisho kabla ya geti la kiwanda alisikia mshindo, mmoja tu, mzito, halafu vioo.

Valvu ya gesi ilikuwa na chembe ya uchafu kwenye kikalio chake, haikufunga sawasawa, hilo lilijulikana baadaye. Jumapili nzima gesi ilikuwa ikipenya kidogo kidogo, ikijaa tumboni mwa boila. Feni ilianza, mota ya kibao ikazunguka, skrubu ikateleza, kibao kikabaki kimefungwa. Gurudumu likahesabu sekunde tisini za hewa ambayo haikupita. Kisha cheche ikalia. Mlango wa mbele wa boila, chuma cha kubebwa na wanaume wanne, uling'oka ukamkuta shemeji aliposimama, pale pale Sekunde alipomfundisha kusimama.

Kuna jambo ambalo Sekunde hakumwambia mtu kwa wiki tatu. Alipoingia mle ndani katikati ya vumbi na mvuke, na wengine wakihangaika na ule mlango, mikono yake ilikwenda kwenye kisanduku cha pembeni, ikafungua kwa ufunguo, ikachomoa waya, ikautia mfukoni. Alipomaliza ndipo akaenda kumshika shemeji yake. Alikuwa amekwisha kufa. Sekunde akalia kwa sauti mbele ya watu wote, na kilio kilikuwa cha kweli, na waya ulikuwa mfukoni. Mtu ni kitu cha ajabu sana.

Uchunguzi ukafanyika. Swichi ilikutwa imevunjika, ikadhaniwa imevunjwa na mshindo. Waya haukuonekana popote. Karatasi ya mkaguzi ilisema Ijumaa kila kitu kilikuwa sawa. Basi ikabaki sababu moja ambayo kila mtu wa boila anaijua: kidole. Meneja akaandika kwamba marehemu alisogeza gurudumu la saa kwa kidole ili kuwahi, akawasha kabla hewa haijapita, akajiua kwa uzembe wake. Mwosha madebe mmoja alisema yeye alimsikia akihesabu, alimsikia vizuri, alifika themanini na kitu kabla yeye mama hajaenda kufunga bomba lake la maji. Wakamshukuru. Hawakuyaandika aliyoyasema, maana mwosha madebe anajua nini habari za boila.

Maneno ya karatasi yana miguu. Yalifika mtaani, yakafika sokoni, yakafika kisimani kwa wachota maji. Watu waliokuja kumpa dada pole wakawa wanatikisa vichwa na kusema haraka haraka haina baraka, wakidhani wanamfariji. Dada akaja kwa kaka yake akiwa amembeba mtoto mgongoni, akasimama, hakutaka kukaa.

"Kaka, wewe ndiye uliyemfundisha. Alikuwa anasukuma gurudumu?"

Akasema hapana, hajawahi.

"Basi Alhamisi kuna kikao cha kamati ya kuchunguza ajali. Nenda ukawaambie."

Akajibu ataangalia. Ataangalia! Dada alimtazama kwa mshangao, maana hakuwahi kumsikia akijibu hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu wawe wawili tu duniani, aliondoka kwake bila kuaga.

Sekunde hakula vizuri siku hizo. Alijaribu kujiambia mambo. Kwamba aliyekufa amekufa, hasikii jina lake likichafuliwa. Kwamba aliyetoa amri ya kuondoa kitambaa ni meneja. Kwamba akisema, dada atakuwa amezika mume na kumpoteza kaka katika mwezi mmoja. Hili la mwisho ndilo lililokuwa kweli, na ndilo alilolishikilia, kama mfa maji na unyasi. Aliogopa. Si kifungo alichokiogopa, maana umri wake alikwisha kuumaliza kwenye chumba chenye joto kuliko jela yoyote. Aliogopa siku dada yake atakapomtazama na kumwona.

Jumatano mchana akaenda. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Sekunde akakaa kwenye kiti ambacho shemeji alikuwa akikaa, akagundua, akataka kuhama, akaona kuhama ndiko kutakakoonekana. Akatoa waya mfukoni akauweka mezani. Akamweleza dada yake kila kitu toka mwanzo, na kwa vile hakujua namna nyingine ya kueleza, alieleza kwa utaratibu wa boila: maji, gesi, feni, kibao, swichi. Alipofika kwenye swichi akasema waya huu ndio uliokaa badala yake, na aliyeuweka ni mimi, na aliyeutoa mume wako akiwa chini ni mimi.

Alisubiri apigwe. Angefurahi kupigwa.

Dada aliuangalia ule waya. Hakuugusa.

"Na kitambaa?" akauliza.

Habari za kitambaa Sekunde alikuwa hajazifikia. Akamuuliza amejuaje habari za kitambaa.

"Jumapili jioni alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe," dada akasema. Alisema polepole, akikunja ukingo wa kanga yake na kuukunjua. "Akaniambia, kitambaa hakipo tangu Ijumaa, na stoo hawajaleta kitu. Haikumkaa vizuri. Akachukua simu akupigie akuulize."

Dada akauachia ukingo wa kanga.

"Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia goti linakusumbua, akuache upumzike. Nikamwambia, namjua kaka yangu, kaka yangu hawezi kuondoa kitambaa kabla waya haujatoka. Nilimcheka, kaka. Nikamwambia, leo unamfundisha kazi aliyekufundisha? Akacheka na yeye. Akaiweka simu."

Mtoto akageuka kwenye mkeka, akaguna, akaendelea kulala. Sekunde alikuwa amekuja na mzigo wake akidhani ni wa kwake peke yake, na sasa alielewa kwa nini dada alimwuliza kuhusu kidole na hakuuliza zaidi, kwa nini alikataa kukaa, kwa nini macho yake yamekuwa mekundu hata siku ambazo watu hawakumwona akilia. Wiki tatu alikuwa akitafuta mtu amwambie kwamba kitambaa kiliondolewa kwa haki, kwamba waya ulikuwa umetoka kweli, na ushauri wake haukumwua mtu. Mtu huyo alikuwa ni kaka yake. Na kaka yake ndiye aliyemletea waya mezani.

Alitaka kumwambia kosa si lake. Alilisema hata, lakini lilitoka jepesi, na dada akalipokea kama mtu anayepunguziwa fimbo mbili wakati amebeba kuni za gari zima.

"Umeniuliza nimejuaje," akasema. "Sasa unajua. Nenda nyumbani, kaka. Kesho usikose."

Hakukosa. Kikao kilikuwa kwenye chumba kirefu chenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, watu watano mbele, karani pembeni, meneja akiwa na karatasi zake, na mabenchi ya mashahidi nyuma. Mwosha madebe alikuwepo, hakuitwa. Dada alikaa benchi la mwisho. Sekunde aliposimama aliuweka waya mezani, na meneja akaanza kusema jambo, mwenyekiti akamnyamazisha kwa mkono. Alieleza yote. Wale watu watano, tuwape haki yao, walisikiliza. Walimuuliza maswali ya maana. Mmoja wao aliyekuwa fundi alitaka kujua skrubu ilikuwa inateleza tangu lini. Akamjibu. Akaulizwa nani aliamuru kitambaa kiondolewe, akamtaja, na pia akasema mkono ulioondoa ulikuwa wake na akili ilikuwa yake. Akaulizwa kama marehemu aliwahi kusukuma gurudumu. Akasema katika miaka minne hajawahi, na kwamba kuna mama hapo nyuma aliyemsikia akihesabu siku ile, na kamati itafanya vizuri kumwandika. Karani akainua kichwa, akamwandika.

Ilionekana imekwisha. Mwenyekiti alikuwa anakusanya karatasi, na yule aliyekuwa fundi akainua kidole.

"Kuna jambo moja. Mlikuwa na desturi yenu ya kitambaa. Marehemu aliona hakipo, na alijua swichi mpya haijaja. Mtu wa kazi lazima ajiulize. Kama alitia shaka akawasha hivyo hivyo bila kuinama kutazama, sehemu ya kosa itakuwa yake, na hatuna budi kuiandika. Wewe ulikuwa shemeji yake. Alimwambia mtu yeyote kwamba ana shaka?"

Sekunde alikuwa ameapa mwanzoni, mkono juu, kusema kweli yote, na mpaka dakika ile alikuwa ameisema. Hakugeuka kuangalia nyuma. Angegeuka wangeona anayemwangalia.

"Hakuwa na shaka," akasema. "Hakumwambia mtu. Alikuwa ananiamini mimi."

Fundi yule akamtazama kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, kisha akatikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti akamwambia karani aandike hivyo, na karani akaandika hivyo. Kwenye benchi la mwisho dada yake alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imefunika mdomo, na hakuna aliyemuuliza kitu.